Bi Mwatum na Matundu ya Pumzi

Kabla hajawa mwalimu wa kimia, Bi Mwatum binti Simai alikuwa hajapata kushika sindano ila ya kutolea mwiba. Nguo yake ikichanika aliipeleka kwa fundi, kifungo kikitoka alibana kwa pini, na kitambaa kilichokuwa juu ya meza yao alikifuma dada yake miaka mingi nyuma kwa ajili ya harusi. Wala hakuona haya. Mungu, alisema, kamjaalia ulimi, na mtu aliyejaaliwa ulimi ana haja gani ya kujidunga vidole?

Aliyejaaliwa vidole alikuwa mumewe. Bwana Pandu Makungu, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa bawabu katika ofisi moja ya serikali kule Vuga. Mwaka wa 1952, wiki tatu baada ya kustaafu, alipanda ngazi apake chokaa ukuta wa nyumba yao ya Kajificheni, ngazi ikateleza, naye akashuka pamoja nayo. Alilala hospitali miezi mitatu, mguu umetundikwa juu kwa kamba. Mikono yake haikuwa na kazi, basi kazi akaipa midomo. Kila mgonjwa alimuuliza anaumwa nini, na akishajibiwa alimtajia mtu aliyemjua yeye aliyekufa kwa maradhi hayo hayo. Wodi nzima ikaingiwa na majonzi. Mwisho muuguzi mmoja wa Kizungu, mama wa makamo, alimletea sindano mbili ndefu na donge la uzi mweupe wa pamba, akamwonyesha namna ya kutia kitanzi ndani ya kitanzi. Wodi ikapumua. Siku mguu uliposhushwa, Bwana Pandu alikuwa na kitambaa cha pima moja chenye majani pande zote mbili, na alimwomba daktari amwache amalize mstari.

Tangu siku hiyo alifuma. Sindano alizitengeneza mwenyewe kwa spoki za baiskeli, akazisugua kwenye jiwe mpaka zikateleza kama samli. Alifuma mashali ya kimia, mepesi, ya matundu madogo madogo yaliyopangana mpaka yakatoa maua. Shali zima likikunjwa liliingia ndani ya kikombe cha kahawa. Mitindo aliitoa kwenye milango ya mji. Alisimama mbele ya mlango wa mtu, akauangalia ule mnyororo uliochongwa pembeni, na samaki, na maua, akihesabu kwa vidole, mpaka mwenye nyumba akatoka kumuuliza amepotelewa na nani.

Hakuuza hata moja. Shali likimalizika alilishika kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama, akalikunja, akalitia sandukuni na asumini, akaanza jingine.

Hilo ndilo lililomkera Bi Mwatum. Mtaani mwao mafundi cherehani wote walikuwa wanaume, na mchana kutwa walishona magauni ya marinda na kanzu za kike mbele za watu, na hakuna aliyewatazama mara mbili. Wazee walikaa barazani wakitia nakshi kofia, wakasifiwa. Lakini hao walikuwa kazini. Bwana Pandu alifuma kwa kuwa anapenda, na mtu mzima, mwanamume, anayefanya kitu kwa kuwa anakipenda tu, mtaa haukuwa na jina la kumwita. Bi Mwatum aliogopa siku litakapopatikana.

Kwa hiyo palikuwa na utaratibu. Bwana Pandu alifuma chumba cha ndani. Ikisikika "Hodi!" mlangoni, Bi Mwatum aliruka, akampokonya kazi, akaiweka mapajani mwake, na mumewe akachukua gazeti. Gazeti lenyewe lilikuwa moja tu, la Kigujarati, lililokuja limefungia halua. Bwana Pandu hakujua herufi yake hata moja, lakini alilisoma kwa miaka miwili.

Siku moja Bi Kazija, jirani wa mbele ambaye dirisha lake lilitazamana na lao kiasi cha watu kupeana chumvi bila ya kushuka ngazi, aliingia kabla ya kujibiwa.

"Shoga," alisema, akachutama kwenye mkeka. "Hebu n'one. Lo! Hii kazi yako?"

Bi Mwatum aliangalia lile shali mapajani mwake. Aliangalia gazeti, ambalo nyuma yake Bwana Pandu alikuwa ametulia kimya.

"Kwani ya nani?" alisema.

Hakuongeza neno, na kwa Bi Mwatum hilo lilikuwa jambo geni. Bi Kazija alilipapasa shali, akamtazama Bi Mwatum, akalitazama gazeti, akasema, "Mashaallah," kisha akaomba maji ya kunywa. Kabla ya magharibi, Kajificheni yote ilikwisha kujua kwamba Bi Mwatum anafuma.

Mambo yangeishia hapo, kama mwaka ule serikali isingeamua kwamba wanawake wa Unguja hawana la kufanya. Ikaundwa Kamati ya Kazi za Mikono. Mwenyekiti wake alikuwa Bibi Krofti, mke wa Mzungu mmoja wa ofisi za Shangani. Kiswahili alijifunza kwa kitabu, akakijua sana, na kila neno lake lilitoka kinywani limevaa viatu. Katibu alikuwa Bwana Abrahman, kijana wa kanzu na koti, mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye hakuweza kusema jambo kabla ya kueleza kwamba atalisema.

Bwana Abrahman alikuja nyumbani akiwa na fomu.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kwa jambo moja, nalo ni hili nitakalolieleza sasa. Kutakuwa na maonyesho Mnazi Mmoja. Tumesikia habari za mikono yako."

Bi Mwatum aliitazama mikono yake kana kwamba na yeye ndiyo kwanza apate habari zake. Alitaka kukataa. Hata maneno alikwisha yapanga. Lakini Bwana Abrahman alisema kwamba Bi fulani wa Malindi ameleta mto wa nakshi, na mwenzake wa Mkunazini ameleta vitambaa sita, na Kajificheni haijaleta kitu. Bi Mwatum akainuka, akaenda kwenye sanduku.

Shali likapata nafasi ya kwanza. Siku ya kutoa zawadi, Bibi Krofti alilinyanyua mbele ya watu, likapeperuka kwa upepo wa bahari kama moshi wa udi, na umati ukasema "Aaa!" kwa pamoja.

"Je, ewe mama," Bibi Krofti aliuliza, "kazi hii njema uliifanya wewe mwenyewe?"

"Naam," alisema Bi Mwatum.

"Na sanaa hii uliipata wapi?"

Hapo ulimi ukamrudia. "Kwa bibi yangu, Makunduchi," alisema. "Na yeye kwa bibi yake. Kwetu sisi hii ni damu."

Makunduchi wakati ule palikuwa na wasusi wa ukindu na wasokotaji wa kamba za makumbi, lakini wa kufuma uzi kwa spoki za baiskeli hapakuwa na hata mmoja. Hata bibi mwenyewe alikuwa wa mumewe, si wake. Bi Mwatum alizaliwa Malindi. Bibi Krofti akaandika yote.

Nyumbani Bwana Pandu alikisoma cheti cha ushindi mara mbili, akauliza jambo moja. "Walilikunja vizuri?"

"Hunipi hata hongera?"

"Hongera. Lakini pembe ya tatu kulikuwa na kitanzi nimekosea. Hawakukiona?"

"Hawakukiona."

"Basi hawakutazama," alisema, akaendelea kufuma.

Bi Mwatum alidhani amemaliza. Wiki ya pili Bwana Abrahman akaja na barua. Kamati imemteua Bi Mwatum binti Simai kuwa mwalimu wa kimia cha asili, kila Jumaane na Alkhamisi baada ya alasiri, katika ukumbi mdogo karibu na nyumbani. Uzi utatolewa. Sindano zimeagizwa Ulaya.

Alipotoka katibu, Bi Mwatum alifunga mlango, akaja akaketi mbele ya mumewe, magoti yamegusana.

"Haya. N'fundishe."

"Lini darasa?"

"Kesho kutwa."

Bwana Pandu alivua miwani. Alikuwa mpole wa kufundisha. "Uzi mbele. Ingiza sindano. Zungusha. Vuta. Achia." Bi Mwatum alizungusha, akavuta, na katikati ya kuvuta akakumbuka maneno aliyoambiwa sokoni na muuza samaki, akayasimulia, na alipoyamaliza kitanzi kilikwisha ponyoka, kimeteremka mistari minane mpaka chini na kuacha tundu la kupita kidole gumba.

"Kimeponyoka," alisema Bwana Pandu.

"Kirudishe wewe."

"Huko darasani mimi sitakuwapo."

Kwa siku mbili alijua kuanza vitanzi na kufuma mstari ulionyooka kwa kiasi. Majani hakuyaweza, wala mnyororo, wala ua. Alkhamisi alivaa buibui, akachukua kitambaa chake kidogo chenye matundu matatu ya kidole gumba, akaenda.

Wanawake wanane walikuwa wamekaa jamvini, Bi Kazija mbele kabisa. Bi Mwatum alitoa hotuba ya nusu saa juu ya bibi wa Makunduchi, ambaye kila alipotajwa alizidi umri na utukufu. Kisha akawaonyesha. Mmoja wao, msichana mwenye macho makali, akauliza, "Mwalimu, na hili tundu kubwa hapa?"

Bi Mwatum alilitazama lile tundu, na tundu likamtazama.

"Hilo," alisema polepole, "ni tundu la pumzi."

"La pumzi?"

"Mwanangu, hii nchi ya joto. Utajitanda kitambaa kisichopumua? Wazungu hawalijui hili. Bibi yangu hakufuma shali bila ya tundu la pumzi. Shali lisilo na pumzi n'maiti."

Wanawake wakatazamana. Mwenye daftari akaandika. Toka siku hiyo Bi Mwatum hakuogopa tena. Kila kosa la mikono yake, ulimi ulilipokea njiani ukalivisha nguo. Mstari uliopinda bila ya kukusudiwa ukawa "reli ya Bububu", kwa kuwa na ile reli ya zamani ilikuwa ikipinda inavyotaka. Fundo lililogoma kufunguka likawa "jicho la hasidi", na lazima liwe moja katika kila pembe, kwa kinga. Uzi ulipokatika akaunga kwa fundo, kishungi kikabaki kinaning'inia, na wiki iliyofuata wanafunzi wote walikuwa wanakata nyuzi zao kusudi ili vishungi vining'inie. Mwezi ulipokwisha darasa lilikuwa na wanawake ishirini na watatu.

Ajabu ni kwamba aliamini. Si siku ya kwanza, wala ya pili. Lakini mtu hawezi kuitwa mwalimu mara mbili kwa wiki, akapishwa njiani, akaulizwa rai yake juu ya rangi za nyuzi na mambo yasiyohusu nyuzi kabisa, akabaki anakumbuka kila saa kwamba hajui. Ukafika mchana mmoja wa mwezi wa Mfunguo Nne, Bi Mwatum amekaa anakunywa chai, Bwana Pandu anafuma, naye akainama akamtazama kazini kwa jicho la mwalimu.

"Mbona umebana hivyo?" alisema. "Huachi pumzi."

Bwana Pandu alisimamisha sindano.

"Unasema nini, Mwatum?"

"Nnakwambia kwa wema. Mimi nnafundisha wanawake ishirini na watatu."

"Nnajua. Mimi n'lifundisha mmoja tu, na nikashindwa."

Bi Mwatum akanuna siku mbili.

Wakati huo Bibi Krofti naye hakulala. Alikuja darasani na daftari, akapima matundu kwa rula, akauliza maana ya kila kosa akapewa, akaandika ripoti ndefu. Ripoti ilisema kwamba kisiwani Unguja umegunduliwa mtindo wa kale wa kufuma, wenye umri wa karne nyingi, uliokuwa karibu kupotea, na kwamba ni wajibu wa serikali kuulinda. Ili ulindwe, zikatungwa kanuni. Bwana Abrahman alizipiga chapa nakala hamsini na kuzibandika. Kanuni ya nne ilisema: Shali la kimia cha asili litakuwa na matundu ya pumzi yasiyopungua saba.

Bwana Pandu aliisoma akiwa njiani kutoka dukani kununua uzi. Alisimama pale mpaka watu wawili walipompita. Kisha akaenda zake na uzi wake. Lakini shali alilokuwa nalo sindanoni mwaka ule lilikuwa si kama mengine. Alilianza siku aliyouona mlango mmoja kule Hurumzi, na lilikuwa mlango mzima: mnyororo ukizunguka pembeni, samaki chini, mawimbi, na katikati ua lililofunguka petali kumi na sita. Uzi wake ulikuwa mwembamba kiasi cha kuuhisi bila ya kuuona. Pembe moja aliifumua mara tatu katika Ramadhani. Lilipokwisha hakulitia sandukuni.

"Hili nataka liende Mnazi Mmoja," alisema.

"Litakwenda," alisema Bi Mwatum. "Mwaka huu mimi mmoja wa waamuzi, haifai tena kwa jina langu. Tutaliandika la Tabia," yaani binti yao aliyeolewa Bububu.

"Kwa jina langu."

Bi Mwatum aliweka kikombe chini. "Pandu! Watu watasema nini?"

"Watasema la Pandu Makungu."

Walijadiliana siku nzima. Bi Mwatum alilia, alikasirika, alitaja heshima ya ukoo wa Simai na cheo cha bawabu. Mumewe alikuwa anamwacha amalize, kisha anasema tena maneno yale yale matatu. Mwisho wakakubaliana liandikwe "P. Makungu", na atakayetaka kujua P ni nani aulize. Hakuuliza mtu. Fomu ya Bwana Abrahman ilikuwa na neno "Bi" limekwisha pigwa chapa mbele ya mstari wa jina, na yeye hakuwa mtu wa kufuta chapa ya serikali.

Siku ya kuamua, mashali yalitandazwa juu ya meza ndefu, thelathini na moja, na kwa mbali yalionekana kama nyavu zilizopitiwa na papa. Bibi Krofti aliongoza, Bwana Abrahman nyuma yake na kalamu, Bi Mwatum katikati, amejifukiza udi kwa ajili ya shughuli. Wakahesabu matundu. Tisa. Kumi na moja. Shali la Bi Kazija lilikuwa na kumi na tisa, na reli mbili za Bububu.

Wakafika kwa P. Makungu.

Bibi Krofti aliinama. Alipitisha kidole juu ya ua, akafuata mnyororo mpaka pembeni, na uso wake ukafanya kitu ambacho Bi Mwatum hakupata kukiona usoni pale: ukasahau kuwa wa mwenyekiti.

"Kazi hii ni nyororo," alisema. "Ni nyororo mno." Kisha akajikumbuka, akafungua daftari. "Lakini naona shaka. Mwalimu, je, yamo matundu ya pumzi?"

Bi Mwatum aliijua pembe ile iliyofumuliwa mara tatu. Aliyajua mpaka maji ya ndimu yaliyotumika kuufua ule uzi. Angeweza kusema: huu ndio ufumaji, na hayo mengine yote ni vidole vyangu na uongo wangu. Maneno yalikuwapo. Lakini kalamu ya Bwana Abrahman ilikuwa imenyanyuka inamngoja, na wanafunzi wake walikuwa wanachungulia mlangoni, na jina lake lilikuwa limeandikwa ubaoni kwa rangi nyekundu.

"Hayamo," alisema.

Ilikuwa kweli. Katika ukumbi ule hakupata kusema kweli nyingine, na ndiyo hiyo iliyomkata maini.

Bi Kazija akapata nafasi ya kwanza. P. Makungu akapata kadi, kama walivyopata wote walioshindwa, ya kuwatia moyo. Bi Mwatum aliichukua mwenyewe, akaja nayo nyumbani ndani ya buibui. Njiani alifikiri kuitupa, lakini Bwana Abrahman alikuwa na nakala mbili za kila kitu. Akaiweka kwenye mkeka, karibu na buli la kahawa, akakaa mbali.

Bwana Pandu alisoma kwa sauti. "Mfumaji ana bidii, lakini hajaifahamu asili yetu. Anashauriwa ahudhurie darasa la Bi Mwatum Simai, Jumaane na Alkhamisi."

Alisoma tena, kimoyomoyo.

"Nani aliyehesabu?" aliuliza.

"Kamati."

"Kamati ina vidole?"

Bi Mwatum akakunja upindo wa kanga. "Mimi," alisema. "Waliniuliza yamo au hayamo, n'kasema hayamo."

Mumewe alifikiri. "Basi hukusema uongo," alisema. "Hayamo."

Angelimpigia kelele ingelikuwa nafuu. Badala yake aliziweka sindano juu ya kabati na siku nne hakuzigusa. Miaka mitatu Bi Mwatum alikuwa amemwomba Mungu zile sindano zinyamaze, na sasa zimenyamaza na nyumba haikaliki. Bwana Pandu alikaa ukumbini, mikono mitupu. Mgeni akija alimuuliza anaumwa nini, na akishajibiwa alimtajia marehemu. Wageni wakapungua. Bi Mwatum alimpikia pweza wa nazi, hakusifu. Alimletea donge la uzi mpya, akalitazama kama anavyotazama mtu barua iliyokuja kwa jina la mwingine. Siku ya tatu Bi Mwatum aliingia chumba cha ndani, akakaa pale pale anapokaa mumewe, akashika kitambaa chake cha mwaka jana. Alikitazama vizuri, pasipo kuongea, kwa sababu hapakuwa na wa kumsikiliza. Kilikuwa kibaya. Kilikuwa kibaya sana.

Jumaane alasiri Bwana Pandu alioga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya Idi, akachukua sindano kabatini.

"Unakwenda wapi?" Bi Mwatum aliuliza.

"Darasani. N'meshauriwa."

Alidhani ni maskhara mpaka alipomwona anateremka ngazi. Akamfuata na buibui mkononi. Bwana Pandu hakuingia ndani, kwa kuwa ndani ni mahali pa wanawake. Alikaa kwenye baraza ya nje, chini ya dirisha la nondo, miguu imekunjwa, akaanza kufuma mbele ya mtaa mzima, saa kumi ya jua. Wapita njia wakasimama. Muuza kahawa akaweka deli lake chini.

Ndani wanawake wote ishirini na watatu walikuwa wamehamia dirishani. Bi Mwatum aliingia, akasimama katikati ya jamvi. Alifungua kinywa kuwaeleza, na safari hii hakuna kilichotoka.

Bi Kazija ndiye aliyesema, lakini hakusema na yeye. Alichomoza mkono wake baina ya nondo, ameshika lile shali lake la zawadi.

"Bwana Pandu, ahlan wa sahlan," alisema. "Mwaka mzima tunakungoja. Hebu n'onyeshe wapi n'lipoharibu."

"Mlikuwa mnajua?" Bi Mwatum aliuliza.

"Shoga, dirisha langu na lako mkono mmoja. Nnamwona kila siku, na gazeti lake la halua. Sote tunajua."

"Na hamkusema?"

"Tungelisema nani angelitupa uzi wa bure?" alisema msichana mwenye macho makali. "Na tungelitoka nyumbani kwa kisingizio gani, Jumaane na Alkhamisi?"

Bi Mwatum akakaa kitako. Aliona haya, na ndani ya haya aliona kitu kingine, kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani bila ya kuomba. Nje Bwana Pandu alikuwa amelitandaza shali la Bi Kazija juu ya magoti, anachungulia lile tundu la kwanza.

"Hapa kitanzi kimeponyoka," alisema. "Si pumzi hii. Leta sindano."

Basi ndivyo darasa lilivyokwenda kuanzia hapo. Kazi zilipita dirishani zinatoka mbovu, zikarudi zimetengenezwa, pamoja na maneno machache. Wapita njia walitazama wiki mbili, kisha wakachoka. Jina la kumwita walilipata: wakamwita Mwalimu wa Nje. Kamati haikubadili kanuni, kwa kuwa kanuni imekwisha pigwa chapa, basi kila mwanamke akawa na mashali mawili, moja la matundu ya kupeleka Mnazi Mmoja, na moja la kuvaa.

Bibi Krofti alipokuja kukagua, alimkuta Bwana Pandu barazani.

"Na mzee huyu ni nani?" alimuuliza Bi Mwatum.

Bi Mwatum alimtazama mumewe kupitia nondo. Mumewe alimtazama yeye, anangoja, na pembe ya mdomo wake inacheza.

"Huyo P. Makungu," alisema Bi Mwatum. "Mume wangu. Mlimshauri aje."

"Ni jambo la kutia moyo!" alisema Bibi Krofti. "Endelea kujitahidi, bwana. Usikate tamaa."

"Naam, bibi," alisema Bwana Pandu.

Bi Mwatum alibaki kuwa mwalimu, kwa barua ya serikali. Alifungua darasa kwa hotuba na kulifunga kwa hotuba, na kujifunza alijifunza polepole, mwisho wa jamvi, nyuma ya wanafunzi wake. Majani aliyapata mwaka uliofuata. Tatizo lilikuwa pale katikati, alipokumbuka kisa na kuwasimamisha wote kazi. Ndipo Bwana Pandu akagundua dawa. Uzi wa Kamati ulikuja katika mafungu makubwa, na fungu kabla ya kuzungushwa donge lazima mtu alishike kwa mikono miwili, ameinyoosha mbele. Kila alipoona mkewe anavuta pumzi ya kuanza kisa, alimpitishia fungu dirishani, ncha ya uzi akabaki nayo mkononi. Bi Mwatum alilivaa mikononi, na kwa kuwa hakuweza kusimulia jambo bila ya mikono, alikaa kimya mpaka uzi ukaisha, amemkazia macho mzee aliye nje, na mzee anazungusha donge taratibu, bila ya haraka hata kidogo.